Shofaji ya Chumba cha Mama Mkwe

Asiyeijua Lubumbashi hudhani kwamba Kongo yote ni joto. Aje mwezi wa sita, asubuhi na mapema, ashike ndoo ya maji iliyolala nje, kisha tuzungumze.

Katika miaka ile ya Zaire nilikuwa fundi wa idara ya nyumba katika shirika la shaba, na kipindi cha baridi ndicho kilichonichosha kuliko vyote. Baadhi ya nyumba za shirika, zile zilizojengwa kwa ajili ya Wazungu, zilikuwa na shofaji ukutani: sanduku la chuma lililopachikwa ndani ya ukuta, linalowaka kwa gazi ya chupa iliyowekwa nje. Mzungu alipoondoka, mwenzetu aliyepanda cheo alirithi nyumba, akarithi viti, akarithi na shofaji. Maelezo yake hakuyarithi. Maelezo nilikuwa mimi, juu ya baiskeli, na mfuko wa vyombo mgongoni.

Kazi yenyewe si ngumu, na nitaieleza hapa kama nilivyoieleza mlango kwa mlango. Funga madirisha na milango. Washa shofaji, ngoja bomba lake lipate moto. Chukua kipande cha kamba ya katani, kiwashe, kisha kipulize kizimike, kibaki kinafuka tu. Kisogeze kwenye mwanya ulio juu ya sanduku. Moshi wa kamba ukivutwa ndani ya mwanya kama mtu anavyovuta sigara, lala salama. Moshi ukikurudia usoni, zima, fungua dirisha, utafute sababu.

Na sababu huwa upande mmoja kati ya pande mbili. Shofaji inahitaji njia ya kutoa moshi, na inahitaji njia ya kuingiza hewa. Hilo la kwanza kila mtu alilielewa upesi. La pili lilinimaliza sauti. Tundu la hewa liko chini, karibu na sakafu, na linaingiza baridi miguuni. Tena huko kwetu liliingiza kitu kingine. Upepo ulipogeuka ukatoka upande wa kiwanda, moshi wa kuyeyushia shaba ulishuka juu ya paa zetu, ukakwaruza koo, ukaacha ladha ya chuma ulimini. Watu walikuwa wameshajifunza tangu utoto: moshi ukishuka, ziba kila tundu. Basi walifika katika nyumba zenye shofaji na wakaziba. Nilichomoa mifuko ya saruji, soksi, magunia. Katika nyumba moja nilichomoa gazeti lenye picha ya Kiongozi. Mama mwenye nyumba akaniangalia, nami nikamwangalia, nikalikunja polepole picha ikiwa ndani, nikampa mkononi kama mtu anayerudisha sahani.

Sikuwagombeza. Ukimwamuru mtu aache kuziba tundu, atalizibua ukiwa unamtazama tu. Akielewa, atalizibua mwenyewe. Kwa hiyo nilikaa, nilieleza, nilirudia. Jioni nilifika nyumbani sina hata neno la kumsalimia mke wangu, naye alizoea kuniwekea bukari, ugali wetu, mezani bila kuniuliza kitu.

Sisi nasi tulikuwa na shofaji moja. Shirika lilikuwa limetupa nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa, vyumba viwili na ukumbi mwembamba, na chumba kimoja kilikuwa nayo. Hatukuiwasha kamwe, kwa sababu chupa za gazi zilikuwa za kutafuta. Tuliota mbabula, lile jiko la makaa, uani, na makala yake yakiisha tuliingia kulala. Kisha mama mkwe wangu akaja kutoka Kasenga.

Alikuja juu ya kamioni ya samaki, siku nzima ya vumbi, amejifunga vitenge vitatu, na kifua kinachopiga filimbi. Dispanseri waliamua achomwe sindano kila asubuhi kwa majuma kadhaa, na wakatuonya kwamba akiziacha katikati ugonjwa utarudi na nguvu zaidi. Mtu wa Luapula, aliyezoea mto na jua, baridi ya kwetu ilimkuta bila silaha. Tulimpa chumba chenye shofaji. Kabla hajafika nilitafuta chupa ya gazi, nikasafisha kila kitu, nikaijaribu kwa kamba yangu. Ilivuta vizuri sana.

Baada ya yeye kuweka kikapu chake mle ndani, mimi sikuweza tena kuingia.

Hili nalo linahitaji maelezo. Kwa watu wa mke wangu, mkwe wa kiume haingii chumba cha mama mkwe, hali naye, wala hamtazami usoni. Na hasemi naye moja kwa moja. Kuna mtu wa katikati anayepeleka maneno. Mambo hayo hulegea siku wakwe wanapompikia chakula maalumu na kumfungulia njia. Sherehe yetu ilikuwa imeahirishwa mwaka baada ya mwaka. Mara msiba, mara mvua imekata barabara huko Kasomeno. Kwa hiyo katika ukumbi ule mwembamba niliishi kama mwizi mwenye adabu. Nilikohoa kabla ya kutoka chumbani. Yeye alikohoa kabla ya kutoka chake, lakini yeye alikuwa anakohoa kweli, kwa hiyo mara nyingi nilisimama nyuma ya mlango nikingoja mtu ambaye hatoki.

Haukupita muda mrefu mke wangu akaniletea habari mezani.

“Mama anasema kichwa inamuluma tena. Na asubuhi alitapika.”

“Na mchana?”

“Mchana iko muzuri. Alikaa ku jua, akabishana na mama wa nyanya mpaka yule mama akamwongezea mbili.”

“Na jana?”

“Vile vile. Asubuhi kama mufu, mchana anabishana.” Akasukuma sahani. “Anataka kurudi Kasenga. Anasema mji iko na kitu inamukataa. Anasema kama ni kufa, atakufa na jua yake.”

Niliacha kula. Habari hiyo nilikuwa nimeisikia katika nyumba za watu, kwa maneno karibu yale yale. Mtu anayeamka na kichwa kizito na tumbo linalogeuka, kisha anapona akikaa nje, haumwi na mji. Anaumwa na chumba.

Jioni ile nilitoka nje nikafunga chupa ya gazi. Mama mkwe akakohoa mpaka kulipokucha, na asubuhi miguu ilikataa kumpeleka kwenye sindano. Tena akamwambia binti yake aingize mbabula chumbani, na hiyo ni mbaya kuliko shofaji yoyote. Basi nilikuwa katikati: nikiwasha, hewa mbaya itamlaza asiamke, nikizima, kifua kitamrudisha Kasenga bila dawa, na dawa hiyo Kasenga haikuwapo.

“Niingie akiwa dispanseri,” nilimwambia mke wangu. “Nitaangalia, nitatoka.”

“Nguo zake ziko mule. Akijua uliingia, leo leo atapanda kamioni ya samaki. Na mimi nyuma yake, ju ya haya.”

“Basi angalia wewe. Tundu la chini, limezibwa?”

“Niliangalia. Naona kikapu na viatu yake. Hakuna kintu.”

Nikafungua chupa tena, nikamwomba aache dirisha wazi kidogo, akaliacha wazi, na mama yake akalifunga.

Jumapili nilichungulia kwanza tundu la hewa kwa nje, nikaona wavu wake na giza tu, kisha nikaegemeza ngazi ukutani. Nilitazama kofia ya bomba: hakuna kiota cha ndege, hakuna kutu iliyodondoka, njia nyeupe. Nikaweka kiganja. Shofaji ilikuwa inawaka tangu alfajiri, na bomba lilipaswa kunichoma. Lilikuwa vuguvugu kama kikombe kilichosahauliwa. Nilikaa juu ya ngazi kwa muda nikitazama mlima mweusi wa takataka za kiwanda kule mbali, nimechoka mpaka mifupani. Nyumba za watu niliingia kila nilipoitwa. Ilibaki hii, na hii ndiyo nisiyoweza kuingia.

Nikashuka, nikachukua kamba na kibiriti, nikasimama mbele ya mlango wake uliofungwa. Mke wangu alikuwa ndani akimkanda mgongo.

“Ambia mama,” nilisema, “leo tutaangalia shofaji. Yeye na wewe mtaangalia, mimi nitasema.”

“Mama, anasema mutaangalia shofaji.”

“Ambia bamukwe, nimesikia,” ikajibu sauti ya ndani, ya mtu mzima, kavu. “Na umwambie shofaji iko muzuri. Baridi njo inaniua, si hii kamoto.”

“Anasema shofaji iko muzuri.”

“Nimesikia. Ambia mama, tunaomba tu tuangalie. Afunge dirisha.”

“Anasema mufunge dirisha.”

“Iko imefungwa tangu nilifika.”

“Anasema iko imefungwa. Lakini mama, kama ninyi wawili munasikiana vizuri kabisa, mimi niko hapa nafanya kazi gani?”

Nikapitisha kamba na kibiriti chini ya mlango, nikaeleza: washa, puliza, shikilia kwenye mwanya wa juu, usitikise mkono. Nikamsikia akipiga kibiriti, kikakatika. Akapiga cha pili. Harufu ya katani ikanifikia.

“Sasa?” niliuliza.

“Moshi inanirudilia. Inaingia mu macho.”

“Hata kidogo hauingii kwenye mwanya?”

“Hata kiloko.”

Nilijua, lakini kujua na kusikia ni mambo mawili. Nikaegemea ukuta. “Sasa fungua dirisha lote. Ushike kamba pale pale.”

Dirisha lile lililia kwa kutu. Mama mkwe akanung’unika kitu kwa Kibemba kuhusu watu wanaofungulia mgonjwa baridi. Kisha mke wangu, taratibu: “Ah. Inageuka. Inaingia. Yote inaingia.”

“Basi bomba ni zima. Chumba ndicho kisicho na hewa. Tundu la chini limezibwa.”

“Nilikuambia, hakuna kintu.”

“Ambia mama, labda yeye anajua.”

Mke wangu hakurudia. Nadhani wote watatu tulikuwa tumechoka na safari ya maneno. Kikapita kikohozi, kisha ile sauti kavu: “Umwambie bamukwe, kuna vitu mukwe haulizi.”

Mke wangu akafungua mlango kidogo, akatoka kwa ubavu, akaufunga nyuma yake. Alikuwa anauma mdomo asicheke, macho mekundu kwa moshi wa katani.

“Nyuma ya kikapu,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Ni kitenge yake ya ndani. Amesokota, amesukumiza mpaka ndani ya ukuta. Siku ya kwanza moshi ya kiwanda ilishuka, ikamukamata kifua, akaziba. Na hawezi kutoa mbele yangu, ju mimi nitakuambia. Na hawezi kuacha uone nguo ile.” Akafuta macho. “Sasa mimi naenda kuangalia chungu yangu. Inaungua. Mutamalizana.”

Akaenda uani kweli. Tukabaki mimi na mlango.

Sikuwa nimewahi kusema naye neno moja kwa moja. Nikavuta kigoda, nikakaa nikiupa mlango bega ili macho yangu yatazame upande wa jikoni, nikasema na ukuta wa mbele yangu.

“Ukuta,” nilisema, “nitakueleza jambo, na mwenye kusikia asikie.”

Ndani kitanda kikalia.

“Ule moshi wa kiwanda una haki ya kuchukiwa. Unauma koo, una ladha, unajitangaza kabla haujafika. Aliyeuzibia njia hakufanya ujinga. Huku wote tunaziba. Lakini shofaji inakula hewa kama mtu. Ukiinyima hewa, bomba linaacha kuvuta, na kile kilichopaswa kutoka kinarudi chumbani. Na hicho hakina rangi, hakina ladha, hakikwaruzi. Hakibishi hodi. Kinampa mtu usingizi mzuri na kichwa kizito, na siku moja kinampa usingizi tu. Umefunga mlango kwa adui unayemsikia, ukajifungia na yule usiyemsikia.”

Nilingoja. Ukuta haukujibu, lakini mlango ukajibu.

“Na hii baridi ya tundu? Na ule moshi ukishuka? Ukuta umwambie nitafanya nini na kifua yangu?”

Lilikuwa swali la haki, na wengi wa wenye nyumba hawakuniuliza. Walisema ndiyo, ndiyo, bwana fundi, na walipoona baiskeli imepinda kona wakaziba tena.

“Nitaweka kofia ya bati kwa nje,” nilisema, “imefunika tundu, imefunguka chini, na mgongo imekipa kiwanda. Upepo hautaingia moja kwa moja. Na tutafanya hivi. Moto ukiwaka, tundu liwe wazi, hata kama miguu inalalamika. Siku moshi wa kiwanda ukishuka, zima moto kwanza, kisha ziba, jifunike vyote ulivyonavyo. Kimoja au kingine. Viwili pamoja, hapana. Na mbabula haiingii humu siku yoyote.”

“Na nitajuaje inavuta? Mutoto wangu hatakaa hapa na kamba kila asubuhi.”

“Kamba itabaki kwako. Wewe mwenyewe utaangalia.”

“Mimi?” Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu kama kicheko. “Mimi muuza samaki?”

“Anayejua kukausha samaki anajua moshi unakwenda wapi.”

Kisha nikasikia kikapu kikiburutwa, pumzi ya mtu anayeinama, na kitambaa kikitoka ukutani kwa shida, kidogo kidogo. Nilikaza macho kwenye sufuria za jikoni, ingawa mlango ulikuwa umefungwa na hakuna ambacho ningeona. Kibiriti kikapigwa. Nikangoja. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na kijiko mkononi, akisikiliza.

“Inavuta,” mama mkwe akasema.

Mchana huohuo nilikata bati, nikalipigilia kwa nje. Kichwa hakikumuuma kesho yake, wala siku iliyofuata. Alimaliza kubishana na mama wa nyanya, akaanza na muuza makala. Sindano ziliendelea.

Na ikawa desturi mpya ya nyumba ile. Asubuhi, nilipokuwa nafunga viatu ukumbini, sauti ilitoka nyuma ya mlango bila kupitia kwa mtu yeyote: “Ukuta, inavuta.” Nami nilisema, “Ukuta umesikia,” nikapanda baiskeli kwenda kueleza watu wengine. Sitasema kwamba uchovu uliisha. Nyumba zilikuwa nyingi, na soksi ndani ya matundu zilikuwa nyingi kuliko nyumba. Lakini nilianza siku na neno moja lililokaa mahali pake.

Asubuhi moja, karibu na mwisho wa sindano zake, neno halikuja. Mke wangu alikuwa ametangulia bombani kuchota maji. Nilifunga viatu, nikafungua, nikafunga tena. Nikakohoa. Nikagonga ukuta. Hakuna. Niliweka mkono juu ya kitasa cha mlango ule, na sikuwaza wakwe, wala sherehe, wala kamioni ya samaki. Niliwaza lile bomba la vuguvugu. Nikakizungusha kitasa nusu.

“Bamukwe,” sauti ikasema, nzito kwa vitenge, kama ya mtu aliyejifunika hadi kichwani. “Toa mukono.”

Nikatoa.

“Haukusikia harufu? Moshi ya kiwanda imeshuka tangu usiku. Nilizima moto kwanza. Halafu niliziba. Kimoja au kingine, viwili pamoja, hapana.” Akakohoa, akaendelea polepole, kwa subira, kama anayemweleza mtu mgumu wa kuelewa. “Sasa kama moto imezimwa, itavuta nini? Nitakuambia inavuta na haiko na moto? Ukuta ufikiri kidogo.”

Nilikaa kwenye kigoda, viatu vimefungwa vibaya. Ni kweli nilikuwa sijanusa chochote. Koo langu lilikuwa limezoea. Ladha ya chuma ilikuwa ulimini tangu nilipoamka.

“Ukuta umesikia, mama,” nilisema.

“Nenda ku kazi. Utachelewa. Na mwambie mwenye nyumba ya kwanza utakayoingia leo aniulize mimi, kama anaona wewe unamuchosha.”